Ngozi za Darasa la Nne

Kansay, Karatu
9 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Lusia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama Benson wa roli la mnada hataisahau juu ya dashibodi kama alivyofanya ile ya Krismasi, itakukuta kabla ya Pasaka. Ningekupigia simu, lakini najua huko Oloipiri mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na anayepanda pale husikilizwa na boma zima. Mambo yangu bado hayajafika hatua ya kusikilizwa na boma zima.

Mama anakusalimu. Goti linamsumbua, ila kanisani hakosi. Yule mbuzi mkorofi amezaa mapacha, na wote wawili wamerithi tabia.

Nina habari mbili. Ya kwanza, Hosiana amekubali kuolewa na mimi. Baba yake ni Mzee Valeriani, ambaye pia ni mwenyekiti wa kamati ya shule yetu. Nilipompelekea maneno hakusema ndiyo wala hapana, alisema "ng'ombe." Anataka watatu, wazima, baada ya mavuno. Nikamwambia ninao, wale aliokuachia marehemu Baba uwalinde: mwekundu, wa madoa, na mweusi mwenye nyota usoni. Nikamchorea hata alama yetu ya masikio. Akasema alama ile anaijua tangu walipokuwa wakichunga pamoja na Baba. Kwa hiyo, Shangazi, nakuomba uniandalie. Mwezi wa saba nitakuja kuwachukua.

Ya pili, nimeanzisha kipindi kipya darasa la nne. Mwezi wa kumi na mbili gari la watalii lilikwama kwenye tope kule Daa, nami nikaenda kusukuma. Ndani alikuwamo mtawa mmoja wa dini ya Budha, kutoka Sri Lanka, amevaa nguo ya rangi ya machungwa. Dereva alikuwa anatukana kila tairi kwa jina lake, lakini mtawa alikaa juu ya jiwe akitabasamu mpaka gari likatoka. Nilikaa naye pale. Akanieleza, dereva akitafsiri kati ya tusi na tusi, kwamba duniani kuna mateso, kwamba chanzo cha mateso ni kung'ang'ania, na kwamba hakuna kitu kinachodumu. Shangazi, nimesoma chuo miaka miwili na sijawahi kuelewa jambo upesi vile. Mengine nimeyapata kwenye simu.

Sasa kila asubuhi wanafunzi wangu wanakaa chini kimya, macho wamefumba, wanafuata pumzi zao. Mwalimu Mkuu amekubali kwa sababu kelele zimepungua. Mimi mwenyewe nimebadilika. Sina tena kitu ninachong'ang'ania.

Usisahau ng'ombe.

Mwanao,
Mwl. Emmanueli Qamara


Oloipiri
14 Machi 2025

Mwanangu Emmanueli,

Marahaba. Barua yako imefika ndani ya gunia la vitunguu, nikaisoma huku nalia, na jirani akadhani kuna msiba.

Huku tupo. Watoto wa marehemu mume wangu Lembris wananijali, na shemeji yangu Tajewo bado anatembea kwa miguu kila mahali kwa sababu anasema gari linamchosha. Mvua imekuja wiki iliyopita, kama mgeni wa harusi anayefika watu wakiosha masufuria. Lembris angekuwa hai angeitukana. Mimi nimeitazama tu.

Hongera kwa Hosiana. Nimefurahi mpaka nimekosa la kusema, kwa hiyo acha nisiseme.

Niambie zaidi kuhusu huyo Budha wako. Nina swali. Mtu akiwa na kitu chake, na kitu kile kikaondoka, na si kosa la mwenyewe wala si kosa la aliyekuwa anakiangalia, Budha anasema mwenyewe akasirike kwa muda gani? Siulizi kwa sababu yoyote. Ni jioni tu zimekuwa ndefu.

Umesema watoto wanakaa chini. Sakafu ya saruji itawaharibu migongo. Nimempa Benson ngozi uwatandikie. Ni nyekundu, nimeilainisha mwenyewe kwa mafuta. Ipokee kwa mikono miwili na uitazame vizuri. Masikio sikuyakata.

Msalimie mama yako. Kuhusu lile ulilosema nisisahau, sijasahau hata siku moja.

Shangazi yako,
Lusia


Kansay
22 Aprili 2025

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Mama amepata dawa ya kuchua, nyumba nzima inanuka mkaratusi. Mapacha wa mbuzi wamekula kitabu changu cha maandalio ya somo. Nikavuta pumzi, nikawasamehe, kisha nikawafunga kamba.

Ngozi imefika! Ni nzuri kupita kiasi. Watoto wanaigombea, ikabidi niwafundishe kwamba hata ngozi si ya mtu. Mimi mwenyewe naikalia Ijumaa. Ina joto la ajabu, sijui niseme kama ya ndugu.

Swali lako limenitoa machozi, maana wewe ndiye mwanafunzi wangu wa kwanza mtu mzima. Jibu ni hili: mwenye kitu asikasirike hata dakika moja. Kitu hakikuwa chake. Kilikuwa kinapita tu, naye alikuwa amesimama njiani. Na huyo aliyekuwa anakiangalia asijilaumu hata kidogo. Waandikie watu wa huko, Shangazi, au wasomee.

Darasa linaendelea vizuri ila kuna mambo ya kurekebisha. Nilifundisha kwamba mtu wa leo si yule wa jana, maana kila kitu kinabadilika. Kesho yake nikamwuliza Kaika kazi ya nyumbani iko wapi. Akasimama kwa heshima, akasema, "Mwalimu, kazi ulimpa Kaika wa jana." Nikamwadhibu Kaika wa leo, na darasa zima likaniangalia kama mtu asiye na haki. Nikiita mahudhurio sasa wananijibu, "Nipo, kwa sasa."

Janeth, mjukuu wa Mzee Valeriani, ndiye anayeelewa haraka kuliko wote. Siku ya Pasaka babu yake aliomba kuongezewa nyama. Janeth akamwambia mezani, mbele ya padre, "Babu, chanzo cha mateso yako ni hilo." Mzee amenitumia salamu. Sikuzipenda.

Shangazi, kuhusu ng'ombe hukunijibu. Wananenepa?

Mwanao,
Emmanueli


Oloipiri
30 Mei 2025

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo. Mtoto wa jirani ameota meno, Tajewo amempoteza mbwa wake na amempata, majani sasa yamejaa mpaka magotini. Inauma kuona majani mengi hivi. Usiniulize kwa nini inauma.

Jibu lako nimelisoma mara nyingi, hasa pale uliposema mwenyewe asikasirike hata dakika moja. Nimelikunja na kulitia kwenye Biblia. Naomba ulikumbuke na wewe.

Nina swali jingine. Je, hayo mafundisho yanawahusu ng'ombe, au ni vitu vidogo vidogo tu?

Nakuletea ngozi nyingine mbili, ya madoa na nyeusi. Hizo ndizo za mwisho. Sitakuwa na nyingine ya kukuletea.

Kwa kuwa wewe ni mwalimu na unapenda mila, acha nikuandikie moja. Huku Umasaini, na kwetu Wairaqw tangu zamani, mtu akilindiwa ng'ombe na ng'ombe yule akafa, mlinzi hapigi maneno mengi. Humpelekea mwenyewe ngozi ikiwa na masikio, ili aone alama, ajue hakuuzwa wala hakuliwa kwa siri. Mwenyewe akiipokea na asigombe, yamekwisha. Mila hii mama yako anaijua. Sijui nyinyi mliosoma.

Ukizipokea hizi mbili, nijibu neno moja tu. Nitaelewa.

Shangazi yako anayekupenda, na sikuandika hivyo kwa mazoea,
Lusia


Kansay
21 Juni 2025

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Ngozi mbili zimefika, na neno langu ni "Asante!" Sasa ninazo tatu, darasa limekuwa kama ukumbi wa wageni. Mama ametaka kuja kuziona ila goti limekataa. Ile mila uliyoniandikia nimeipenda mno. Inaonyesha kwamba wazee wetu walijua kuachilia kabla ya Budha. Jumatatu nitaifundisha darasani, watoto wakiwa wamekaa palepale juu ya ngozi, ili somo liingie. Na ndiyo, mafundisho yanahusu hata ng'ombe.

Lakini nina taabu, Shangazi, na nitakueleza bila kuficha. Zamu ya kulinda shamba la shule dhidi ya nyani ilikuwa ya darasa la nne. Nilikuwa nimewafundisha huruma kwa kila kiumbe. Nyani waliposhuka kutoka korongoni watoto hawakupiga debe wala kurusha jiwe. Walikaa kwenye mstari, wakafumba macho, wakasema kwa pamoja, "Nyani wawe na amani, nyani washibe." Walishiba. Walipomaliza mahindi ya shule wakavuka kwa Mzee Valeriani, na watoto wakawafuata kwa huruma mpaka huko.

Jumatano kulikuwa na kikao cha wazazi. Mmoja alisema nimeleta dini ya Kichina. Nikasema si dini, ni falsafa, wala si ya Kichina. Mwingine akasema mwanawe anamwomba msamaha dume la kulimia kila mwisho wa mtaro, na sasa dume limeanza kusubiri kuombwa. Kisha Mzee Valeriani akasimama. Hakupaza sauti. "Mwalimu," akasema, "unafundisha hakuna kitu kinachodumu. Mimi nikupe binti wa kudumu?"

Baadaye akaniita pembeni, akasema mahindi yamekwenda na atavumilia, kwa sababu mimi ni mtoto wa rafiki yake. Ila nikishindwa ng'ombe nisahau. Hosiana alikuwa amesimama mlangoni akisikia. Shangazi, ninampenda yule mwanamke mpaka nikiwa nimefumba macho kufuata pumzi namfuata yeye.

Namshukuru Mungu ng'ombe wapo kwako. Nitakuja tarehe kumi na mbili ya mwezi wa saba.

Emmanueli


Kansay
1 Julai 2025

Shangazi,

Jumatatu nilifundisha mila yako. Jumanne Janeth alimsimulia babu yake: ng'ombe wa mtu akifa kwa mlinzi, huletwa ngozi na masikio, na Mwalimu ametandika tatu, nyekundu, ya madoa na nyeusi yenye nyota. Jumatano Mzee Valeriani aliingia darasani bila kubisha hodi, watoto wamefumba macho. Akawainua mmoja mmoja kwa upole. Akapiga goti, akakunjua masikio, moja baada ya jingine. Kisha akanitazama.

"Mwalimu, mahari ya binti yangu mmeikalia."

Ng'ombe wangu, Shangazi. Wa kwangu. Aliniachia baba yangu. Nilikalia mweusi mwenye nyota huku nakula karanga! Ulijua tangu Februari nilipokwambia habari za Hosiana, ukaniacha niandike ujinga, ukaniuliza maswali ya Budha ili nijifunge mwenyewe. Kaika akaniambia, "Mwalimu, vuta pumzi." Nikamtoa nje.

Wangu walikuwa. Usiniandikie kwamba walikuwa wanapita.

E. Qamara


Oloipiri
10 Agosti 2025

Mwanangu Emmanueli,

Hukuniamkia. Mimi nakusalimu. Goti la mama yako laendeleaje? Huku sote wazima. Barua yako nimeipata zamani. Kila nilipokaa kujibu nilijikuta naenda kufagia zizi.

Sasa nasema. Mvua za vuli hazikuja. Mwekundu alianguka mwezi wa kumi na moja, wa madoa Desemba, na mweusi Januari, wiki chache kabla hujaniandikia. Nilimkatia matawi, nikamnywesha uji wangu mwenyewe. Hakuweza kusimama, kwa hiyo nililala naye zizini nikiwa nimemfunika shuka la Lembris. Asubuhi shuka lilikuwa na umande na yeye hakuwa na pumzi. Niliwalilia ng'ombe wale kuliko nilivyolia kwenye mazishi ya baba yako, Mungu anisamehe, kwa sababu yeye alipowaacha aliniambia, "Dada, hawa ndio Emmanueli." Nilikuwa najipanga kukuandikia. Ndipo ikaja barua yako, Hosiana amekubali, na furaha imejaa mpaka pembeni mwa karatasi. Niliogopa, basi.

Nilikuletea ngozi kama inavyotakiwa. Nilidhani ukiona ya kwanza utajua. Ukajibu ina joto. Nikaleta za pili, na nikakuandikia mila yenyewe kama mtu anayemsomea mtoto alfabeti. Ukajibu asante na alama ya mshangao! Emmanueli, umesoma sana wewe.

Maswali yangu kwa Budha hayakuwa hila tu. Nilitaka kweli kujua kama kuna mtu popote duniani anayejua dawa ya jambo hili. Majibu yako yalinisaidia siku mbili tatu, kisha nikipita zizini yanakwisha.

Nina ng'ombe mmoja. Ni jike la kijivu, uzao wa ng'ombe ambaye Lembris alinipa siku nilipoingia boma lake, na ndiye aliyebaki. Ameondoka leo asubuhi na Tajewo, kwa miguu. Watashukia upande wa Ziwa Natron na Engaruka, kisha wapande kuja huko. Mpelekee Mzee Valeriani, mwambie mwanzo ni huo.

Na nakuomba usije ukawaambia watoto wako kwamba shangazi yako amejifunza kuachilia. Sijaachilia kitu. Nilimfuata mpaka mtoni, Tajewo akanirudisha kama mtoto. Nampenda yule ng'ombe, nami ninampa kwa sababu nakupenda wewe zaidi. Kama Budha ana neno juu ya hilo, mtawa wako akipita tena muulize.

Shangazi yako,
Lusia


Kansay
14 Septemba 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa ile ya Julai ambayo sikuitoa. Goti la Mama limepona kidogo. Alipoisoma barua yako alinipiga na mwiko, mimi na miaka yangu thelathini na moja, akasema kila mtu Kansay anaijua mila ya ngozi isipokuwa mwanawe mwenye cheti.

Tajewo alifika Jumanne, ng'ombe mbele yeye nyuma, wote wawili vumbi tupu. Tulikwenda moja kwa moja kwa Mzee Valeriani. Hosiana akaleta maji, akamnywesha ng'ombe kabla ya Tajewo, na Tajewo akasema huyo anafaa kuolewa.

Mzee akamzunguka yule jike. Akashika sikio. "Hii si alama yenu."

Nikasema, "Ni ya boma la Lembris. Ni wa shangazi yangu, ndiye aliyebaki. Hana mwingine."

Akakaa juu ya jiwe, muda mrefu, nikadhani ananihesabia makosa tangu nyani. Hosiana akasema, "Baba, nimekwishakubali tangu mwanzo wa mwaka. Hapa tunakusubiri wewe." Mzee akamwambia anyamaze, ila alisema kwa sauti ya kujikwaa. Kisha akasimama, akaweka mkono juu ya mgongo wa ng'ombe.

"Nimempokea," akasema. "Mashahidi mmeona. Sasa huyu ni ng'ombe wangu, na mimi mahindi yangu yameliwa, sina cha kumlisha. Natafuta mtu wa kunilindia. Maziwa atakunywa yeye mlinzi. Tajewo, huko kwenu kuna mtu ninayeweza kumwamini?"

Tajewo, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amevua viatu, alitutazama mmoja mmoja kama watu wenye homa. Akavivaa upya.

Kwa hiyo anarudi kwako, Shangazi. Yuko njiani barua hii ikikufikia. Wawili waliobaki nitawatafuta taratibu baada ya harusi, Mzee amekubali, ameniambia nisimtajie neno "taratibu" kwa uso wa furaha kama ule. Harusi ni Jumamosi ya kwanza ya Desemba, njoo wiki moja kabla. Kamati ya shule nayo imekaa. Kipindi cha kimya kitaendelea, ila kila mwaka kianze baada ya mavuno, na darasa la nne lisipewe tena zamu ya nyani. Ngozi nimezichukua nyumbani. Sizikalii.

Jambo moja nilitaka kukuficha, lakini wewe umenieleza yako. Asubuhi walipoondoka wanafunzi wangu wote walikuwa barabarani wakitazama. Nilimsogelea yule jike kumuaga tu. Ananuka moshi wa nyumba yako, Shangazi, ule wa likizo zangu zote za utotoni. Nikamkumbatia shingo mbele ya darasa la nne, nikalia kwa sauti, na Tajewo alilazimika kunibandua vidole kimoja kimoja.

Mwanao,
Emmanueli